Shamba Lililobaki Kijani

Jumatano, 2 Aprili

Kwako Bwana Shamba, mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu huku haishiki mpaka upande kilimani, na haya si maneno ya kupayuka kilimani watu wote wakisikia. Dereva wa gari la maziwa ameapa ataifikisha barua hii mpaka mezani kwako huko makao makuu. Akikuomba soda, mpe.

Uzima upo. Wanangu wawili hawajambo, na yule mkubwa amekuwa wa kwanza kwenye hesabu, hatupumui kwa majigambo yake. Lakini raha hakuna, mdogo wangu. Maharage ya kikundi yameungua.

Wala sitii chumvi. Tulipuliza dawa ya magugu wiki mbili baada ya maharage kuota, kama kila mwaka, kama ulivyotufundisha: vifuniko vitatu vya dawa kwa bomba moja la mgongoni, maji mpaka kwenye mstari. Aliyepima ni mimi. Sheria unaijua, maana uliitunga wewe: hakuna wa kugusa dawa ila Mama Mizani. Siku ya tatu majani yakaanza kujikunja. Siku ya tano yakawa kahawia. Siku ya saba ukilishika jani linavunjikia mkononi. Mashamba kumi na moja, Bwana Shamba! Kumi na moja! Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye aliyepanda eneo kubwa kuliko wote, na ndiye aliyeungua kuliko wote.

Sasa sikia jambo linalonitesa. Langu halikuungua. Nilipuliza la mwisho, maana anayepima hujihudumia mwisho, asije mtu akasema nimejipendelea. Nyumbani kulikuwa na dawa imebaki kwenye chupa ya msimu uliopita, nikaona niimalize kwanza kuliko kufungua chupa mpya. Dawa ni ile ile, karatasi ya ubavuni ile ile, kipimo vifuniko vitatu vile vile. Leo ukisimama njiani unaona kulia kahawia, kushoto kahawia, katikati langu la kijani. Watu wakifika hapo wanaacha kuongea. Nikiwasalimu wanaitikia wakiwa wameshanipa mgongo.

Aliyetakiwa kuja badala yako hajaja. Ofisi yako ina kufuli na mchwa wameanza mlangoni. Niambie hii ni nini. Wewe ukisema, watasikia.

Dada yako,
Mama Mizani


Jumatatu, 7 Aprili

Dada Mama Mizani,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Poleni sana, wewe na wanakikundi wote. Mpe hongera mwanao mkubwa kwa hesabu zake.

Kitaalamu, kuungua kwa majani kuna sababu nyingi. Jua kali mara baada ya kupuliza linaweza kuleta dalili hizo hizo, hasa kama udongo ulikuwa mkavu. Upepo nao huchangia. Tofauti kati ya shamba na shamba ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo waeleze kwamba ni hali ya hewa, na ushauri wangu ni wang'oe haraka na kupanda mbegu ya muda mfupi kabla mvua hazijakata.

Huku kazi ni nyingi. Nimepewa meza karibu na dirisha, na mkuu wangu amenidokeza kwamba mwezi wa saba nafasi ya mratibu wa mafunzo itajazwa, nisubiri kwa utulivu. Ule mtindo wetu wa kupima kwa vifuniko wameusifia sana hapa. Wanataka niuandikie kijitabu.

Usiwe na wasiwasi, dada. Watu wakikasirika husema, kisha husahau.

Mdogo wako,
Bwana Shamba


Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu Bwana Shamba,

Nilifanya ulivyosema. Tulikutana kwenye darasa la shule, nikasimama mbele, nikawasomea barua yako. Nilipofika kwenye jua, mzee wa zizi la mbuzi akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akauliza: "Na hilo jua, lilipofika kwa Mama Mizani, lilivaa miwani?" Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, unamjua yule mzee. Kisha nikaona wanavyocheka, nikakaa chini.

Shemeji hakucheka. Alisimama akasema neno ambalo wengine walikuwa wanalinong'ona tu. Akasema mtu anayepima dawa za watu kumi na wawili, akaunguza kumi na moja na la kwake likapona, huyo hakukosea. Alikusudia. Akasema nilitaka niwe peke yangu mwenye maharage sokoni. Mbele ya watu, Bwana Shamba! Shemeji niliyemuuguza mguu wake miezi mitatu!

Na hakuishia hapo. Shamba ninalolima ni la ukoo wao, hilo unalijua. Marehemu alipofariki wazee waliniachia kwa maneno tu, kwamba nilime nilee watoto. Sasa shemeji ameomba kikao cha ukoo, Jumamosi tarehe 10 Mei. Anataka shamba lirudi kwake. Anasema mtu wa kuunguza mali ya ukoo hawezi kukalia ardhi ya ukoo.

Sina shamba jingine. Kwa kaka yangu kuna chumba kimoja cha kuazima na uwanja wa kuku. Sijawahi kukuomba kitu, hata mbegu za majaribio nilikuwa nawaachia wengine kwanza. Leo nakuomba. Fikiri tena. Hali ya hewa hawaitaki, na kusema kweli hata mimi hainiingii. Kuna kitu nilikifanya, au kuna kitu sikukifanya. Nitafutie.

Dada yako,
Mama Mizani


Alhamisi, 17 Aprili

Dada,

Nilikuwa kwenye semina, ndiyo maana nimechelewa.

Jambo la ukoo ni zito na mimi kama mtumishi siruhusiwi kuliingilia. Nina imani wazee watatumia busara.

Kuhusu dawa, naendelea kufuatilia. Kwa sasa ninalokusisitizia ni usalama. Chupa zote tupu, za zamani na mpya, zisizagae nyumbani kwako, kuna watoto. Zitobolewe na zifukiwe, kina cha magoti, mbali na kisima. Ni taratibu. Fanya mapema, wiki hii hii ikiwezekana.

Wasalimie.

Bwana Shamba


Alhamisi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Mungu akuzidishie! Kama si wewe kunikumbusha kuzifukia zile chupa, ningeingia kaburini sijajua.

Jumanne nilichimba shimo nyuma ya nyumba. Nikazitoa chupa kwenye gunia, moja moja, nikazitoboa na msumari. Ile ya zamani ilikuwa ya mwisho. Nikafungua kifuniko chake nikakiweka chini pamoja na vingine, nikashika jembe, halafu nikasimama. 

Havilingani. Chupa ni za kimo kimoja, lakini mpya mdomo wake ni mpana, na kifuniko chake kinameza kile cha zamani kikazama ndani. Niliketi pale pale kwenye udongo. Nikamwita mkubwa wangu alete maji na bomba la sindano ya kuchomea ng'ombe, tukapima. Cha zamani kinachukua mililita kumi. Kipya ishirini na tano. Mtoto akanipigia hesabu: vitatu vya zamani ni thelathini, vitatu vipya ni sabini na tano. Akaniuliza, "Mama, uliwapa zaidi ya mara mbili?" Nikamwambia ndiyo.

Miaka saba nimeshika vifuniko vile na macho yangu hayakuona. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikamimina. Mkono ulishazoea kuhesabu, kuangalia nikaacha.

Jana niliitisha kikundi. Nikaweka vifuniko viwili mezani, nikavijaza maji, nikawaonyesha. Nikawaambia: sikukusudia, lakini niliyepima ni mimi, na kosa ni langu. Yule mzee wa mbuzi hakufanya utani safari hii. Mama mmoja aliyepanda kwa mbegu ya mkopo aliinuka akatoka. Akina mama wawili walilia, nami nikashindwa kuwafuata kuwashika, maana ni mimi niliyewaliza.

Shemeji akauliza swali moja tu. Akauliza, kiwanda kikibadilisha chupa, serikali haijui? Hakuna karatasi inayokuja kwa Bwana Shamba? Nikamjibu papo hapo. Nikasema, namjua yule kijana, alikuwa anatembea kwa miguu kwenye tope hadi kwa mkulima wa mwisho mwenye mahindi yanayougua. Ingekuja karatasi, angetuambia. Msimguse. Wakaliacha, kwa sababu wanakupenda.

Lakini sasa wananiambia nikuulize rasmi, ili jibu lifike kikaoni. Andika tu kwamba hakukuwa na taarifa, kwamba mtu yeyote angeweza kukosea pale nilipokosea. Hiyo itanitosha. Kikao ni tarehe 10, usisahau. Mimi nimeshaungama, lakini kuna kukosea na kuna kukusudia, na kwa shemeji bado nimekusudia.

Dada yako anayekutegemea,
Mama Mizani


Jumanne, 6 Mei

Dada,

Barua yako nimeipata. Nipe siku chache niangalie kwenye mafaili. Nitaandika.

Bwana Shamba


Jumatatu, 19 Mei

Dada yangu,

Hii ni barua ya tano kuiandika. Nne nimezichana.

Karatasi ilikuja.

Ilifika ofisini kwetu tarehe 3 Machi, siku tatu kabla sijahama. Niliipokea kwa mkono wangu nikaisainia. Niliisoma nimesimama, huku mizigo yangu inapakiwa kwenye gari nje. Ilisema kiwanda kimebadilisha chupa, kifuniko kipya ni kikubwa, na kila mtaalamu apite kwa wakulima wake kabla ya msimu kuanza awakataze kupima kwa vifuniko. Ilikuja na pakiti ya vikombe vya kupimia ishirini. Nikasema nitapita kesho. Kesho yake nikaagwa, mkanipikia, mkanipa yule jogoo, nikasahau. Vikombe nilivikuta huku nikifungua maboksi. Viko chini ya kitanda changu. Kimoja natia mswaki.

Uliponiandikia mara ya kwanza, nilipofika pale ulipotaja chupa ya msimu uliopita, nilijua. Sikuhitaji kufikiri. Nilijua tarehe 5 Aprili, kabla chai yangu haijapoa. Nikakuandikia jua. Nikakuandikia upepo.

Na lile la kufukia chupa halikuwa taratibu. Nilitaka zisionekane. Ukanishukuru, dada. Ukaniombea kwa Mungu.

Nilikuwa nafikiria kazi. Nafasi ya mwezi wa saba, kijitabu, meza ya dirishani. Nilijiambia wazee hawatamwondoa mjane na watoto kwa sababu ya maharage. Tarehe 10 ilipofika nilikuwa mezani, nikaangalia saa siku nzima na sikufanya lolote.

Mtindo wa vifuniko niliubuni mimi. Mlikuwa hamna vikombe, mililita zikiwachanganya, nikaona nimewarahisishia. Wewe hukukosea. Ulifuata nilichokufundisha, hatua kwa hatua. Aliyetakiwa kuona ni mimi, na niliona.

Naambatanisha waraka wenyewe wenye sahihi yangu. Wasomee wote. Naomba unisamehe. Niambie kikao kiliamua nini.

Bwana Shamba


Jumapili, 25 Mei

Kwa Ofisa Ugani,

Barua yako imenikuta kwa kaka yangu. Dereva wa maziwa alizunguka nayo siku tatu ananitafuta.

Barua yako ina kurasa tatu. Kikao kilikaa saa moja. Shemeji aliuliza jibu la Bwana Shamba liko wapi, nikasema litakuja. Wakasubiri kidogo, kwa heshima yako. Kisha wakaamua. Nilipewa siku nne kuondoka. Maharage yangu ya kijani yalikuwa yanaelekea kukauka, nikaambiwa yatagawanywa kwa walioungua, na hilo sikulipinga, hata bila kikao ningewagawia. Shamba tayari limelimwa kwa ng'ombe wa shemeji. Wanangu wamehamia shule nyingine. Mkubwa hazungumzi habari za hesabu tena.

Umeniambia niwasomee. Sisomi. Mimi nilisimama mbele ya wale watu nikasema kosa langu kwa mdomo wangu, na halikuwa hata langu. Nikakutetea wewe, nimesimama. Njoo nawe usimame.

Mama Mizani


Alhamisi, 29 Mei

Mama Mizani,

Nitakuja Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi, darasani. Nimemwandikia mwenyekiti wa kikundi na nimemwandikia shemeji yako.

Jana nilimpelekea mkuu wangu waraka pamoja na maelezo yangu. Aliniuliza kama ninaumwa. Kisha akafunga mlango. Nimesimamishwa kazi kuanzia tarehe mosi.

Naogopa, sikufichi. Lakini nitakuja.

Aliyekuwa Bwana Shamba wenu


Jumapili, 22 Juni

Kwako,

Sijui nikuite nani sasa, kwa hiyo naacha hivyo.

Nimepata barua zako mbili tangu uondoke. Hazikuhitajika mbili. Nakujibu mara moja, ujue ilivyokuwa baada ya wewe kupanda gari.

Siku ile darasani ulisema vizuri. Hukujificha nyuma ya maneno ya ofisini, na ulipoulizwa ulijua tangu lini, ulitaja tarehe. Hilo nimelihesabu upande wako. Ulipolia, mwenyekiti alitaka kuinuka akushike bega, nikamvuta nguo akakaa. Mimi siku yangu sikupewa nafasi ya kulia. Nilikuwa najibu maswali.

Ulipoondoka watu walitoka mmoja mmoja wakipita karibu na benchi langu, kila mmoja ananigusa mkono, hata yule mama wa mbegu ya mkopo. Shemeji alipitia mlango wa nyuma.

Alhamisi yake alikuja hapa kwa kaka. Alisimama uwanjani, kuku wanamzunguka miguuni, akashindwa kuanza. Mtu mzima yule, ana wajukuu! Akauliza watoto hawajambo, mara tatu, nikamjibu mara tatu. Mwisho akasema, "Shemeji, ulimi wangu ulitangulia kukuhukumu." Nikamwambia akae. Akasema ameshapanda mahindi pale. Atavuna mwezi wa tisa, kisha shamba ni langu, na safari hii wazee wataandika kwenye karatasi, jina langu na la wanangu. Wameshaandika. Ninayo, iko kwenye sanduku la nguo.

Kwa hiyo nitarudi. Lakini nimekosa msimu mzima. Jumatano nilipita pale njiani, mahindi yake yamenifika magotini, yamenawiri. Nikasimama kwenye mpaka wa shamba langu kama mpita njia. Wale kumi na mmoja nao wananunua maharage sokoni mwaka huu, watu waliokuwa wanauza. Mama wa mbegu ya mkopo amempeleka binti yake kufanya kazi za ndani. Hayo hayakuwemo kwenye maelezo yako, kwa sababu hukuwa unayajua. Sasa unayajua.

Ofisi yako imefunguliwa. Wameleta bibi shamba, msichana mdogo ana sauti kubwa. Alitaka kikundi kinirudishe kwenye kupima. Nimekataa. Nimewaambia kila mtu apime dawa yake kwa mkono wake na kusoma karatasi kwa macho yake, nami nitazunguka nao bomba kwa bomba kama mwalimu. Wengine wamenuna. Watazoea.

Kuhusu kazi yako, nimesikia bado hujaitwa. Bibi shamba akaniuliza kama kikundi kinaweza kukuandikia barua ya kukuombea. Nimemwambia awaulize wao. Mimi sitaisaini, wala sitawazuia.

Sasa lile unaloniuliza katika kila barua, kwa kila namna. La, bado. Nimejaribu. Nilijaribu hata Ijumaa iliyopita, nikiwa napepeta mtama wa kaka, nikasema kwa sauti: nimemsamehe. Nikasikiliza moyo wangu, nikaona nimedanganya. Wewe unaijua ladha ya uongo wa namna hiyo, sitaki kukuandikia mwingine.

Siku nitakayokusamehe nitakuandikia mwenyewe, na nitampa dereva wa maziwa. Mpaka siku hiyo usiniandikie. Usinitangulie.

Mama Mizani